Siti ya Nyuma

Miaka kumi na moja chini ya turubai, Al-Khodh,
tairi zimekufa, kabureta imeganda kama halua ya juzi.
"Ichukue," alisema shangazi Zuwena,
"inanizibia kamba ya nguo."

Nikaipeleka Wadi Kabir, kwa Biju mchomeleaji.
Joto lile, spana ukiisahau juani
inakuunguza kama umeiiba.
Tukapima kwa chaki. Tukapima tena.
Msumeno ukalia, mkia wa fremu ukadondoka,
shokomzoba mbili zikabingirika hadi mlangoni.
Mahali pake bomba tupu, limenyooka hadi kwenye ekseli:
sasa kila tuta la Maskati
litasema na uti wa mgongo bila mkalimani.

Alhamisi usiku niliiwasha uani kwake.
Ikakohoa, ikanguruma, paka wakahama.
Akatoka, kanga begani, akaizunguka mara mbili,
akapitisha kiganja juu ya tenki
(rangi ya mjomba Muhenna, sikuigusa),
kiganja kikaendelea nyuma,
kikakosa kitu.

"Yeye alikaa hapa," alisema.
"Mimi je, nilikaa wapi?"

Nikazima.

Jumamosi nilikuwa mlangoni kwa Biju kabla hajafungua,
nikichakura pipa la vyuma.