Salamu ya Saa Nne

Nina siku tisa tangu nirudi Tabora
na mama hajauliza ila moja,
akipepeta mchele uani, Isevya:
"Huko Oslo, ulisalimiana na nani?"

Nikaanza na jua.
Saa nne usiku linawaka, mama,
kama taa iliyosahauliwa na mwenye nyumba.
Nikavuta pazia, nikalibana kwa kiti,
nikalala na mtandio usoni
kama kuku chini ya tenga.

Nikamtajia bei ya andazi moja la mdalasini.
Ungo ukasimama.
"Jogoo wawili?"
"Na tetea."

Nikamwambia tramu ni ya buluu, haina kelele,
kila abiria na kiti kitupu ubavuni
amekiwekea mkoba, akae nani.

"Sijauliza viti."

Basi nikasema.
Usiku wa pili, wa mwisho, nilishuka bandarini.
Mzee mmoja kwenye benchi, soksi za sufu,
anamenya yai, maganda anayatia mfukoni.
Nikasimama mbele yake, mdomo wazi,
nisijue niseme *mwangaluka* au *mwadila*,
jua liko pale pale, halinisaidii.
Akanitazama. Akanyanyua yai kidogo.
Nikapita.

Mama hakusema neno.
Akachambua mawe mawili, matatu.
Saa moja giza likaingia Isevya bila hodi,
ungo ukapotea, mikono yake ikapotea,
ndipo nikasikia, kama ndiyo kwanza nashuka garini:

"Mwadila, Nyamizi."