Mizania

Nimefika Moshi na begi moja na miaka thelathini na tisa.
Kwenye foleni ya kujisajili, binti aliyekuwa mbele yangu
akaniuliza, "Mzazi, mwanao yuko wapi?"
Nikamwonyesha barua: Dadi Mchopa, mwaka wa kwanza.
Akaisoma, akaniamkia mara ya pili,
polepole, kama anayerudisha chenji.
Foleni nzima, vilivyokuwa vikongwe
ni mimi na majengo ya chuo.

Miaka kumi na minne nilikuwa karani wa ghala, Lulindi.
Gunia la korosho likipanda mizani
nilijua kwa mlio wa mnyororo
kama limetiwa mchanga.
Hapa mhadhiri kaandika ubaoni: mizania.
Herufi moja tu imeongezeka mwishoni
na mimi sijui kitu.
Upande huu mali, upande ule madeni na mtaji,
na lazima zilingane, anasema, lazima.
Kwetu hazikulingana hata msimu mmoja;
tulifunga daftari, tukalala.

Nimepanga Rau, kwa Mama Aikande,
ukuta mmoja na ng'ombe wake.
Usiku kucha anatafuna migomba sikioni mwangu
kama mtu anayekariri.
Baridi ya huku haipigi hodi.
Mama Aikande kanipa blanketi la marehemu mumewe
na kikombe cha kahawa. Mibuni ameing'oa yote,
kabakiza mitatu,
na kitabu cha uanachama cha mzee.
"Wewe unayesoma ushirika, hebu nisomee:
wananidai au nawadai?"
Nikafunua. Muhuri, muhuri, muhuri,
kisha kurasa tupu.
Nikamwambia nitamjibu semista ya pili.

Vijana wa kwenye vimbweta wananiita Babu Korosho.
Bumu likichelewa wananikopa, likitoka wananikwepa.
Ndewirwa, aliyezaliwa mwaka nilioanza kunyoa ndevu,
ananifundisha kompyuta:
"Usiibonyeze kama kengele, Babu. Iguse tu."
Mimi namfundisha kuchemsha mihogo isiungulie.
Hesabu zetu hatujazifunga.

Na mlima.
Wiki tatu, wingu tupu.
Mwanangu Somoe hupiga simu kila Jumapili: "Baba, umeuona?"
Jumapili ya kwanza nikasema bado.
Ya pili, bado.
Ya tatu aibu ikanikaba, nikasema nimeuona,
mweupe mwili mzima,
kama gunia la unga lililopasuka.
Akapiga kelele za furaha. Kesho yake
akalitangazia darasa lote.

Jumatano, saa kumi na mbili na robo asubuhi,
napiga mswaki kando ya mfereji,
povu likanipalia, nikainua kichwa.
Ulikuwa pale.
Juu kabisa. Siku zote hizo
nilikuwa nautafuta chini mno.
Mweusi, mpana, na theluji kiasi tu kileleni,
kama sabuni mtu aliyoisahau nyuma ya sikio.
Mama Aikande akapita na ndoo ya maziwa,
"Shimboni," akasema,
wala hakugeuka kuutazama.

Jana tulifundishwa:
mapato yaliyoandikwa kabla ya kupokelewa
hayafutwi kwa raba. Yanarekebishwa,
na kosa linabaki likionekana.

Nikapiga simu, mswaki ungali mkononi.
"Somoe, ule mlima niliokwambia…"
"Eeh, mweupe."
"Si mweupe."
Kimya. Nyuma yake mama yake alikuwa anatwanga,
nikahesabu michi sita.
"Sasa mimi wenzangu nitawaambiaje?"

Wingu lilikuwa limeshaufika mabegani.
"Waambie karani alikosea," nikasema.
"Waambie bado anapima."