Dakika Kumi

Stima imerudi Kayole saa tisa usiku,
redio ya Makokha imeropoka nyuma ya ukuta,
balbu imewaka.
Friji kimya.

Nafungua: taa ya ndani ipo.
Nafunga. Tik. Kimya. Tik.
Kama mtu anayetaka kusema, akasita.

Fundi Mutua aliwahi kunionya:
chomoa, usiilazimishe,
mota ina presha bado, iache ishushe pumzi
dakika kumi.

Nachomoa. Nakaa sakafuni kwenye maji ya barafu.
Juu, kwenye friza, chupa nne za maziwa ya Nafuna,
tarehe kwa mwandiko wake,
aliyoyakamua kabla ya zamu ya Pumwani.
Mtoto amejigeuza.

Dakika ya saba nashindwa, nachomeka.
Tik.
Nachomoa tena. Naanza kuhesabu upya,
safari hii polepole.