Msahihishaji

Fernand, kaka yangu, alilisoma gazeti kabla ya Montreal nzima,
usiku, chini ya taa ya mezani, kalamu nyekundu sikioni.
Mkato uliopotea ulimnyima usingizi.
Herufi iliyopinduka aliitoa kama mtu atoaye unywele kwenye supu.
Miaka kumi na saba, na bado akiniambia:
"Solange, lipo moja lililonipita. Lipo daima."

Kisha ikaja saa ya vidonge,
kisanduku cha plastiki chenye kilio cha kifaranga,
kila baada ya saa nne, mchana na usiku:
saa mbili, saa sita, saa kumi.
Kwenye misa ya kumzika Anselme kililia pia,
na vingine vitatu vikaitika kutoka mabenchi ya nyuma.
Hakuna aliyecheka.
Mmoja alicheka.

Miezi ya kwanza alinenepa. Alipaka jiko rangi ya manjano.
Alikula kuku hadi akafyonza mifupa.
Theluji ya pili ilipoanguka, seli za kinga zikaanza kupukutika,
na saa ikaendelea kulia, naye akaendelea kumeza.
Hakuruka hata kimoja.
Andikeni hilo. Hakuruka hata kimoja.

Daktari Thibodeau alitueleza kwa mikono zaidi ya maneno:
virusi hujinakili, hujinakili, mabilioni kwa siku,
na mnakili wao ni mzembe, harudii kusoma alichoandika.
Nakala nyingi zina doa,
na nyingi hufa na doa lake.
Lakini dawa ni mlango mwembamba,
na katika takataka zote zile
imo moja iliyopinda
vile vile mlango ulivyopinda.

Fernand akainua kidole kama mwanafunzi.
"Kwa hiyo havikujifunza?"
Havikujifunza.
"Havinichukii?"
Havina moyo wa kuchukia.
"Ni kosa la chapa, basi."
Daktari akatazama dirishani, magari yakizoa theluji,
akasema, ndiyo, ni hilo.

Husemwa kosa moja haliachi mke.
Hili liliacha wake, liliacha waume,
liliacha vyumba vya kupanga na paka wasio na mtu.
Usiku ule kaka yangu alisema gizani:
"Mimi nililipwa kuua makosa.
Hawa wanalipwa nayo."

Mwaka tisini na sita zikaja dawa tatu kwa pamoja,
ngeni zote kwa damu yake.
Sasa mzembe akitaka kupita
sharti akosee mara tatu, mahali patatu, kwa mpigo mmoja.
Hata uzembe una mipaka yake.
Anselme hakuingoja. Hakuweza.

Leo Fernand ana miaka sabini na mmoja.
Kidonge kimoja, jioni, bila kengele.
Bado huamka saa kumi za usiku,
mkono ukipapasa meza kutafuta kile kifaranga.

Juzi hospitali ilitupa karatasi:
orodha ya mabadiliko yaliyolala ndani ya seli zake kongwe.
Nafasi ya mia mbili na kumi na tano,
lile la zamani, halijafutika,
limehifadhiwa kama gazeti stoo,
likingoja dawa ile ile irudi.

Aliisoma polepole, mstari kwa mstari.
Akaomba kalamu. Nikadhani atalia.
Akazungushia duara jina lake, pale juu kabisa,
walipoandika Fernard.

"Lipo moja," akasema.