Kidole Gumba

Kibarazani, Barabara ya Mawenzi,
cherehani yangu inatazamana na duka la mbegu.
Leo nimeshona sare mbili za shule
na kusoma ada za madalali watatu.

Neno dalali halinipi raha.
Hapa Moshi dalali ni yule anayekuonyesha chumba
chenye ukungu nyuma ya pazia jipya,
anakula kwako, anakula kwa mwenye nyumba,
kisha simu yake haipatikani.
Lakini kikoba tulivunja Desemba,
fungu langu limekaa kwenye simu kama mgeni asiyeaga,
na Aikande, mtoto wa dada, kanishika sikio:
Mama mdogo, usinunue kampuni moja. Nunua mfuko.
Humo mna benki, saruji, bia, kila kitu kidogo kidogo.

Mfuko nimeuelewa. Ni robota la mitumba la Memorial:
hulifungui ukachagua,
mashati mawili yatakuwa yamechanika,
koti moja litalipa yote.
Kinachonishinda ni mlango wa kuingilia.

Dalali wa kwanza ana picha nzuri.
Kijana anacheka, nyuma yake mlima,
na si mlima wetu, huu umechongoka mno.
KUNUNUA BURE.
Nikashuka kwa kidole, nikashuka,
kama anayetafuta sindano kwenye zulia,
hadi chini kabisa, herufi za punje ya ulezi:
elfu tatu kila mwezi, kutunza akaunti.
Hata usiponunua. Hata ukiugua.
Mimi naweka elfu hamsini.
Nilipiga hesabu kwa chaki kwenye suruali ya mtu,
ikabidi nipanguse haraka.

Baba alipeleka kahawa kwenye chama, Uru.
Mpimaji alikuwa mtu wa sala, jina lake nalisitiri.
Kidole gumba chake kiliinua sahani kwa chini,
kidogo tu, uzito wa kiganja cha buni.
Baba alikiona. Hakufungua mdomo.
Njiani, gunia tupu begani, ndipo aliponiambia:
Si kilo, mwanangu. Ni misimu.

Misimu ishirini na sita.
Nikijumlisha leo, kidole kile
kilikula paa la bati tulilokuwa tukilisubiri.

Wa pili anachukua asilimia mbili kila ununuapo,
na kila uuzapo,
ndiyo maana hataki nitulie.
Asubuhi: Dada, leo inapanda, ingia!
Jioni: Dada, toka, hamia huku!
Nguo inayofumuliwa kila siku
hubaki matundu.
Namba yake nimeizuia.

Wa tatu, ukurasa wake una rangi ya uji
na mchana unagoma.
Mia mbili hamsini kwa elfu hamsini yangu, basi.
Sikuamini. Nikapiga.
Akapokea mama mwenye mafua.
Nikitaka kutoka, mnanitoza nini?
Ile ile, akasema, akapenga.
Na mkifunga ofisi?
Vipande vimeandikwa jina lako, si letu.
Ukurasa wa nne umeusoma?
Bado.
Usome kwanza, ndiyo urudi.

Nikausoma. Mara mbili,
mara ya pili kwa sauti,
fundi wa viatu jirani akadhani nasali.

Jumatatu nikapiga picha kitambulisho.
Uso wangu ulikataliwa mara tatu
kwa sababu ya kivuli cha turubai,
nikasimama katikati ya barabara, juani,
bodaboda zikinipigia honi,
hadi nikakubalika kuwa mimi.
Vipande kumi na vinne.

Jumatano vilishuka. Pungufu mia tisa.
Aikande akapiga, sauti juu kama anayeungua:
Mama mdogo, umeona? Umeona?
Nilikuwa na pini nne mdomoni.
Nilipozitoa, moja moja, nikazichomeka mtoni,
sikuwa tena na la kusema juu ya mia tisa.
Nikamwuliza tu kama huko juu
wameshaanza kupima kahawa,
na mizani mwaka huu
kashika nani.