Fahali Wawili Chini ya Boneti

Baridi ya Ulaanbaatar, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
haimngoji mtu amalize kufikiri.
Nimesimama sokoni katikati ya magari mia
yaliyovuka bahari kutoka Japani, usukani upande wa kulia,
kope zangu zimeganda,
na Gombosuren muuzaji ananiambia: Mama, hili halinywi. Linalamba.

Mimi ni karani wa mahesabu hospitalini.
Maneno ya namna hiyo nimeyasikia kwa wauza dawa.

Funua, nikamwambia. Akafunua.
Injini ya petroli huku, mota ya umeme kule,
nyaya za rangi ya chungwa, nene kama utumbo wa kondoo.
Fahali wawili, zizi moja?
Akacheka. Hawapigani hawa. Mmoja huvuta ukianza kuondoka,
mwingine huamka ukishika kasi,
na mlima ukimshinda mmoja, husukuma wote.
Na malisho ya huyu wa umeme? Nimchomeke wapi,
mimi wa hema la sufu, soketi moja, taa mbili na friji?
Huchomeki popote. Ukikanyaga breki
anakula ule mwendo uliokuwa unaupoteza.

Hapo nikanyamaza.
Miaka kumi na tisa nimeshuka kilima cha mtaa wetu
katika gari la Kirusi la marehemu Luvsan,
mguu kwenye breki, pua kwenye harufu ya kuungua,
kumbe ulikuwa mshahara wangu nikiumwaga njiani.

Na betri je?
Gombosuren akatazama mawingu. Hakukuwa na wingu.
Ni changa, akasema.
Changa ya mwaka gani?
Binamu yangu Ochir akajipenyeza kiti cha nyuma na kijimashine chake,
akasoma tarakimu, akapuliza vidole:
Seli mbili zimechoka. Itakwenda misimu miwili ya baridi,
ikikupenda, mitatu.

Nyuma ya risiti ya makaa nikapiga hesabu:
petroli nitakayookoa kwa mwezi, mara miezi thelathini,
toa betri, toa matairi, toa uongo wa Gombosuren.
Kilichobaki kilikuwa kidogo.
Lakini kilibaki.

Lilale nje usiku huu, nikasema. Nitarudi alfajiri.

Alfajiri wenye malori walikuwa wamechuchumaa
wakikoka moto chini ya injini zao.
Nikabonyeza kitufe. Kimya.
Limekufa, nikasema.
Limewaka, akasema Ochir.
Sauti ya mwanamke ikatoka kwenye dashibodi, kwa Kijapani,
neno fupi la adabu ambalo hakuna aliyelielewa.
Nikaitikia: Asante, nawe pia.

Nililipa bei yake, pungufu ya seli mbili.

Kileleni mwa kilima chetu nikagusa breki.
Kwenye kioo kidogo, kimshale cha kijani kikageuka,
kikaanza kutoka magurudumuni kurudi kwenye betri,
tone kwa tone, kama deni linalolipwa na mtu mwenye haya.
Nyuma yangu basi likapiga honi.
Nikashuka taratibu kuliko ilivyohitajika.