Nchi Isiyo na Mlima

Nilianza na mto, kwa kalamu ya bluu,
nyuma ya kalenda ya chama cha ushirika
ya mwaka ambao kahawa yake ilishanywewa kitambo.
Mto hauombi sababu; ukiuchora, unateremka.
Pale ulipokunja kiwiko nikaweka mji,
nikauita Tamuria.
Shafii akasema hilo jina la sabuni.
Nikafuta mpaka karatasi ikatoboka,
nikauita Sheruni, na lile tundu
nikaliandika: kisima.

Mlima sikuweka. Niliapa.
Mimi mzaliwa wa Pasua, nimeukuta dirishani,
nimeukuta kwenye chupa za maji, kwenye fulana za wageni,
kwenye beji ya shule na risiti ya saruji.
Nikasema, nchi yangu na ipumue
bila mtu kuichungulia kisogoni.

Jumamosi, duka la spea likishafungwa,
tunakaa stoo, juu ya makreti,
mikanda ya feni ikining'inia kama nyoka waliochoka.
Dadu zetu ni nati za lori.
Shafii amezipiga msasa, akagonga nukta kwa msumari,
moja hadi sita, kila ubavu na yake.
Ikilala chali, tundu juu, hakuna hesabu:
mungu wa Sheruni kasinzia, rusha tena.

Elinami, anayesomea uuguzi, amechagua kuwa mwizi
lakini haui. "Nimeshinda wodini," anasema,
"leo nisione mtu akifa hata kwa maneno."
Basi anaiba funguo tu, na milango ya mji mzima
inalala wazi kwa sababu yake.
Aikaruwa ni mpima viapo langoni: ana mizani,
upande huu neno la mtu, upande ule chumvi.
Mimi nilikuwa nimetayarisha joka. Kurasa sita za joka,
magamba, ukoo, chakula linachopenda.
Aminiel, mdogo wangu wa darasa la tano, akauliza:
"Huu mfereji, leo zamu ya nani?"

Joka likangoja.
Usiku ule nikaandika sheria ya maji,
nikaipa vina ili isisahaulike,
nikaichora juu ya lango:

     Maji yana mwenye zamu,
     hayana bwana wa damu;
     ukiyaiba kwa hamu
     yatalitaja jinalo.

Tangu hapo mifereji ya Sheruni hutaja watu usiku,
na wenye madirisha upande wa bonde
huyaziba kwa matambara, wakidai ni mbu.

Masika, bati likipigwa mpaka tunaongea kwa kelele,
Aikaruwa akaweka kidole kwenye ramani.
Mito mitano, akaifuata kinyumenyume,
yote ikaishia kwenye weupe
pale ninapozoea kutua kikombe, ndani ya duara la chai.
"Huku kuna nini?"
"Hakuna."
"Hakuna haitoi maji."

Akarusha. Nati ikazunguka, ikajibanza kwenye kreti.
Sita.
Sikuwa na ukurasa. Nikafungua mdomo, nao ukajua:
baridi inayoanzia kwenye kucha,
miti yenye ndevu za kijivu,
masikio yanayoziba, halafu ghafla yanazibuka,
na sale iliyopandwa njiani, mbichi,
mtu anaomba radhi, haijulikani kwa nani.
Elinami akauliza kama mbele kuna mlango
autafutie ufunguo.
Nikasema sijui. Ilikuwa kweli.

Nikatoka nje kukojoa. Nyuma ya ukuta wa matofali,
upande wa kaskazini, mawingu yalikuwa yameshuka
hadi kwenye nyaya za umeme.
Hakukuwa na kitu pale, kitu chochote,
na mtaro wa barabara ulikuwa umefurika.
Ndani, Aminiel anagonga kreti kwa nati:
"Kaka, zamu ya nani?"